Beki au mfungaji?

SWALI: Timu yetu hapa Pepa ina pesa za kusajili mchezaji mmoja tu. Viongozi wanataka mfungaji, mimi nataka beki. Nani ana haki?

JIBU: Wewe, ndugu yangu, ila kwa sharti. Kumbuka Leopards, timu ya taifa ya DR Congo, kwenye CAN (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Côte d'Ivoire, mwanzoni mwa 2024. Kwenye kundi walitoka sare mara tatu, mabao mawili tu, na bado wakafika nusu fainali, maana nyuma alisimama Chancel Mbemba. Robo fainali dhidi ya Guinea, 3-1, ni Mbemba huyohuyo aliyesawazisha. Bao la tatu lilikuwa frikiki ya Arthur Masuaku, beki wa kushoto. (Viongozi hupenda wafungaji kwa sababu ndio wanaoimbwa.)

Sharti ni hili: angalieni mnavyopoteza. Mkifungwa kwa kona na krosi dakika za mwisho, tafuteni beki mrefu mwenye sauti. Mkifa 1-0 kila wiki, wasikilize viongozi: klabu ya TP Mazembe ya 2015 ilimhitaji mshambuliaji Mbwana Samatta, aliyefunga katika mechi zote mbili za fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger.