Hazina za Misri

Somo la Waebrania 11:24-26

Katika Waraka kwa Waebrania, mlango wa 11, twasoma habari za Musa, jinsi alivyokataa kuhesabiwa katika nyumba ya Farao, na jinsi alivyozipima hazina za Misri akaziona kuwa nyepesi kuliko aibu ya Kristo. Walimu wengi hupita hapo upesi. Husema tu ya kuwa Musa aliacha dhahabu, kisha huendelea na habari za bahari na jangwa. Wanafunzi nao husikia neno hilo "hazina" kama mtu asikiavyo mali ya tajiri asiyemjua, wala hawaoni Musa aliacha nini hasa. Basi mwezi huu twataka kukaa kidogo penye neno hilo moja. Liko kaburi la mfalme wa Misri lililofunguliwa, na vitu vyake vyote vimeandikwa kimoja kimoja, hata sisi tulio mbali na nchi ile twaweza kujua hazina hizo zilikuwa za namna gani.

Mfalme huyo ni Tutankhamun. Alitawala karibu na mwaka wa 1330 kabla ya Kristo. Alipokalishwa katika kiti cha enzi alikuwa mtoto wa miaka 8 au 9, na alipokufa alikuwa kijana wa miaka 18 au 19. Farao Akhenaten, ambaye wataalamu wengi humhesabu kuwa baba yake, alikuwa ameiacha miungu ya baba zake, akaamuru heshima yote apewe Aten, yaani duara la jua. Alipokufa, watu wakairudia miungu ya zamani, na mtoto akageuzwa hata jina. Alikuwa Tutankhaten, wa Aten. Akawa Tutankhamun, wa Amun. Wafalme waliokuja nyuma waliona haya kwa ajili ya nyumba hiyo, wakayaruka majina yao katika orodha ya wafalme iliyochongwa ukutani huko Abydos. Hivyo kijana huyu akasahauliwa. Tena zamani za Farao Ramesses wa 6, mafundi waliochimba kaburi la mfalme wao walijenga vibanda juu ya mahali palipokuwa na mlango wa kaburi lake, wasijue kilichokuwa chini ya miguu yao.

Mahali hapo ni Bonde la Wafalme, upande wa magharibi wa mto Naili, ng'ambo ya mji wa Luxor. Ni bonde la mawe matupu, hapamei kitu. Mwamerika mmoja, Theodore Davis, aliyechimba humo miaka mingi, aliandika mwaka 1912 kwamba anadhani bonde limekwisha, hamna kaburi jingine. Mwingereza Howard Carter hakukubali. Huyu alifika Misri mwaka 1891, umri wake miaka 17, na kazi yake ilikuwa kunakili picha zilizo katika kuta za makaburi. Hakuwa mtu wa chuo kikuu. Mkono wake na jicho lake ndivyo vilivyomfundisha. Gharama zililipwa na tajiri wa Uingereza, Lord Carnarvon. Tangu mwaka 1917 walichimba humo msimu baada ya msimu, wakaondoa vifusi vingi mno, wala hawakupata kitu cha kulingana na fedha zilizotumika. Mwaka 1922 Carnarvon alichoka, akataka kuacha, kisha akakubali msimu mmoja tu wa mwisho.

Tarehe 4 Novemba 1922, chini ya vibanda vile vya mafundi, wachimbaji walikuta ngazi moja iliyochongwa katika mwamba. Wakafuata, zikawa ngazi 16, na chini yake mlango uliozibwa na kupigwa mihuri. Hapo Carter alifanya jambo ambalo twadhani ni wachache wangeliweza: akazifukia ngazi tena, akampelekea Carnarvon simu ya maandishi kule Uingereza, akangoja karibu majuma matatu. Tarehe 26 Novemba, mbele ya mlango wa pili, alitoboa tundu, akaingiza mshumaa, akachungulia. Carnarvon akamwuliza kama aona kitu. Akajibu kwamba aona, tena ni vitu vya ajabu.

Wasomaji wetu na wakumbuke pia Wamisri waliobeba vifusi vile katika vikapu juani. Majina yao hayamo katika vitabu vingi. Carter mwenyewe aliwataja na kuwashukuru wasimamizi wao, wa kwanza wao akiwa Ahmed Gerigar. Lakini magazeti ya siku zile hayakutaka kujua habari zao.

Kaburi lenyewe ni dogo, vyumba vinne tu, navyo vilijaa mpaka juu kama stoo ya duka. Vitu vilivyoandikwa katika daftari ni 5,398, na kazi ya kuvitoa ilichukua miaka 10. Sababu ya kukawia ni kwamba kila kitu kilipigwa picha mahali kilipolala kabla ya kuguswa, na vingi vilikuwa karibu kugeuka mavumbi, vikatiwa dawa kwanza. Mle mlikuwa magari 6 ya kukokotwa na farasi, yamefunguliwa vipande vipande maana njia ilikuwa nyembamba. Mlikuwa vitanda, viti, pinde na mishale, nguo za kitani, viatu, mitungi ya divai, mikate, asali, nyama iliyofungwa katika masanduku yake. Mlikuwa kiti cha enzi cha mbao kilichofunikwa dhahabu, na mgongoni pake picha ya mfalme ameketi na mkewe akimpaka mafuta, na juu yao jua la Aten likinyosha mikono. Hata imani iliyokwisha kukataliwa ilizikwa pamoja naye. Mlikuwa jambia la chuma, na mwaka 2016 wataalamu walitoa habari kwamba walilipima wakaona ni chuma cha kimondo, yaani kilichoanguka kutoka juu. Siku zile chuma kilikuwa adimu Misri kuliko dhahabu. Na katika fimbo zake nyingi, moja ni tete tu, limetiwa dhahabu kwa sababu mfalme alilikata kwa mkono wake mwenyewe.

Walimu watapata faida kwa vitu viwili vingine. Kimoja ni sanduku la mbao lililofunikwa dhahabu, limewekwa juu ya miti miwili mirefu ili lichukuliwe mabegani, na juu yake amelala mungu Anubis kwa mfano wa mbweha. Cha pili ni tarumbeta mbili, moja ya fedha, moja ya shaba. Mwenye kusoma Kutoka 25 na Hesabu 10 ataelewa kwa nini twavitaja. Mafundi waliofanya kazi jangwani walikuwa wametoka katika nchi iliyojua kufunika mbao kwa dhahabu na kufua tarumbeta za fedha. Tofauti yaonekana juu ya kifuniko: pale Wamisri walipomweka mungu wao, Israeli hawakuruhusiwa kuweka sanamu ya Mungu hata moja.

Maiti ya mfalme ililala ndani ya vijumba vinne vya mbao na dhahabu, kimoja ndani ya kingine, kisha sanduku la jiwe, kisha majeneza matatu. Jeneza la ndani ni dhahabu tupu, uzito wake karibu kilo 110, yaani gunia la mahindi na zaidi. Usoni palikuwa na kinyago cha dhahabu chenye uzito wa kilo 10 hivi. Carter alikifikia tarehe 28 Oktoba 1925. Lakini juu ya jeneza la nje aliona kitu kilichomgusa kuliko dhahabu yote: shada dogo la maua, yamekauka, rangi yake bado yatambulika kidogo. Carter alidhani kwamba mke wa mfalme ndiye aliyeliweka, naye alikuwa angali kijana.

Kuna na jambo la huzuni zaidi. Katika chumba cha ndani yalionekana majeneza mawili madogo sana, na ndani yake watoto wawili wa kike waliozaliwa kabla ya siku zao, wametiwa dawa na kufungwa kitani kama wakubwa. Wataalamu wengi huwahesabu kuwa binti za mfalme. Mtu aliyeweza kuzikwa na gunia la dhahabu hakuweza kupata mtoto mmoja wa kumrithi. Wako mama katika sharika zetu watakaolifahamu jambo hili kuliko sisi tunaoandika.

Tena humo mlikuwa sanamu ndogo 413 za watumishi. Wamisri waliamini kwamba huko aendako mtu ataitwa kufanya kazi ya shamba, na sanamu itaitika badala yake. Mfalme alipewa 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na wasimamizi 48 juu yao. Wamisri waliamini pia kwamba moyo wa mtu utapimwa katika mizani. Basi tusiwaite watu hawa wapumbavu. Walijua ya kuwa iko hukumu, na walijua ya kuwa mtu ahitaji wa kusimama mahali pake. Mtume Paulo alipokuta madhabahu ya mungu asiyejulikana kule Athene, alianzia hapo hapo.

Sasa turudi kwa Musa. Stefano asema katika Matendo 7:22 kwamba Musa alifundishwa elimu yote ya Wamisri. Maana yake alivijua vitu kama hivi tangu utoto: viti vya namna hii, nguo za namna hii, mafundi hawa. Vilikuwa vizuri kweli kweli, vimefanywa kwa ustadi ambao hata leo watu husafiri bahari kuutazama. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba mali ya Misri ilikuwa takataka, amempunguzia Musa kazi yake. Mwandishi wa Waraka hasemi hivyo. Asema Musa alipima; na mtu hapimi takataka. Aliweka katika mizani elimu, heshima, uzuri na salama ya nyumba ya kifalme, na upande wa pili watu waliofyatua matofali. Vijana wetu wanaokataa kazi yenye rushwa, wakabaki na mshahara mdogo, wajua uzito wa kipimo hicho. Hawakukataa kitu kibaya cha kutazamwa.

Lakini twawaonya walimu juu ya mambo mawili. La kwanza, msiseme kwamba Tutankhamun ni Farao wa Kutoka. Jina lake halimo katika Biblia, wala Israeli hawatajwi kaburini mwake. Wataalamu walitazamia kupata maandishi humo; liko sanduku lililodhaniwa kuwa limejaa vitabu vya mafunjo, na lilipofunguliwa zikawa nguo za kitani zilizokunjwa. Wengi huiweka safari ya Israeli katika siku za Ramesses wa 2, kwa sababu ya mji unaotajwa katika Kutoka 1:11, yaani baada ya Tutankhamun. Wengine hufuata 1 Wafalme 6:1, wakahesabu mwaka wa 1446 kabla ya Kristo, yaani miaka 100 hivi kabla yake. Kwa hesabu hizi zote mbili siye. Maandishi ya Misri yanayotaja Israeli ni jiwe la Farao Merneptah, la mwaka 1208 hivi kabla ya Kristo, lililopatikana mwaka 1896. Imani haihitaji kuegemea ushahidi ambao haupo.

La pili ni habari ya laana. Carnarvon aliumwa na mbu, akajikata jeraha hilo kwa wembe, damu ikaingia sumu, akafa Cairo tarehe 5 Aprili 1923. Magazeti yakapiga mbio kusema kwamba mfalme amelipiza kisasi. Katika kaburi hilo hapakuandikwa laana yo yote ya namna hiyo. Carter aliishi mpaka 1939. Binti yake Carnarvon, Lady Evelyn, aliyeingia pamoja nao siku zile za kwanza, aliishi mpaka 1980. Daktari Derry, aliyeipasua maiti kwa kisu, aliishi mpaka 1961. Katika sharika zetu bado wako watu wanaoogopa makaburi kuliko wanavyomwogopa Mungu. Na wasomewe tarehe hizi.

Si kwamba twasifu kila lililotendwa mle. Mafuta matakatifu yalikuwa yameigandisha maiti ndani ya jeneza, nao wakaikata viungo ili kuitoa. Wezi walikwisha kuingia kaburini mara mbili zamani zile zile, mara baada ya maziko, wakaacha pete za dhahabu zimefungwa katika kitambaa. Lakini mwili hawakuufikia.

Vitu vyake vilikusanywa pamoja katika Jumba Kuu jipya la Makumbusho la Misri karibu na piramidi za Giza, lililofunguliwa rasmi mwezi wa Novemba 2025. Maiti yake haikupelekwa huko. Ilibakizwa kaburini, katika chumba kidogo bondeni. Mwalimu atakayefundisha somo hili na asome kwanza Kutoka 1 na 2, kisha Mwanzo 50, ambapo Yakobo na Yusufu walitiwa dawa kwa desturi ya Misri, na Yusufu akawaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake huko.