Kukata si kuua: maswali manne kuhusu "kata" na "mzunguko"

Kwa nini kitenzi kukata kina maana nyingi hivi?

Kwa sababu chenyewe hakisemi kinachofuata. Anayekata tiketi anaianza safari, na anayekata rufaa anaifufua kesi; aliyekata tamaa ameacha, na aliyekata roho hayupo tena. Kitenzi ni kilekile, mwisho ni tofauti. Mzunguko nao, uwe wa damu, wa fedha au wa maji, una sharti moja: kilichoondoka kirudi. Hoja yangu ni kwamba katika nyanda kame za Dodoma maneno haya hayafai kutenganishwa. Huwezi kujua kama mti umekatwa au umeuawa mpaka uulize kama mzunguko wake umeachwa utimie.

Mzabibu hukatwa kila mwaka. Mbona haufi?

Haufi kwa sababu unapogolewa. Katika nchi za baridi, majira ndiyo yanayoulaza mzabibu na kuuamsha. Dodoma haina baridi ya namna hiyo, hivyo kazi ya kuuamsha ni ya mkasi. Mkulima hupunguza matawi, akaacha vipande vifupi vyenye macho machache, na machipukizi yanayotoka hapo ndiyo yanayobeba vichala takriban miezi minne baadaye. Ndiyo maana mkoa huu huvuna mara mbili kwa mwaka. Hapa mkato ndio unaoanzisha mzunguko.

Mchoma mkaa naye husema msitu utachipua wenyewe. Amekosea?

Nusu yake ni kweli. Miti mingi ya miombo huchipua kutoka kwenye kisiki, kwa kuwa mizizi hubaki hai ardhini. Juu ya ukweli huo ndipo ulipojengwa mpango wa Kisiki Hai, unaoendeshwa na LEAD Foundation ya Mpwapwa pamoja na Justdiggit ya Uholanzi tangu 2018: chagua kisiki, pogoa ubakize machipukizi machache yenye nguvu, weka alama, kisha tunza. Nusu anayoiacha mchoma mkaa ni hiyo ya mwisho. Chipukizi likiliwa na mbuzi, likaungua shamba linapochomwa, kisha likafyekwa tena msimu wa kilimo, kisiki kitachipua mwaka hadi mwaka bila kuwa mti.

Basi tuwafukuze wafugaji?

Kondoa ilijaribu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uoto ulirudi, ushahidi kwamba shoka halikuwa mkosaji peke yake. Lakini anayepinga njia hiyo ana haki: kaya zilipoteza maziwa, samadi na ng'ombe wa kulimia, na mzunguko wa msitu ukatengenezwa kwa kuukata mzunguko wa boma. Njia nyepesi ni kulinda shina mojamoja shambani, kwa makubaliano ya kijiji kuhusu malisho na moto. Kazi ya ile alama, ambayo mara nyingi ni kitambaa tu kilichofungwa kwenye shina, ndiyo hiyo: inamwambia mchungaji na mwenye panga kwamba mti huu umekatwa ili ukue.