Rampu ya kukunja: fupi au ndefu?

Swali: Nina pikapu, nabeba pikipiki mbovu kupeleka gereji. Dukani kuna rampu za alumini za kukunja, za mita 1.5 na mita 2.4. Ninunue ipi?

Jibu: Chukua ndefu. Bodi ikiwa sentimita 80 kutoka chini, fupi itainuka kwa nyuzi 32 hivi, ndefu kama 20 tu. Mwinuko ukiwa mkali, pikipiki hukwama tumbo kwenye ukingo wa bodi. Soma pia uzito ambao rampu inahimili, ukijumlisha pikipiki na anayeisukuma.

Kabla ya kupandisha, vuta hendibreki, kisha funga rampu kwenye gari kwa mkanda. Isipofungwa, msukumo wa tairi huichomoa, na pikipiki inakuangukia.