Ua la Kivulini



Mvua za kwanza zikinyesha, pita kando ya ngitili. Tazama chini ya miti. Huenda ukaona ua jekundu la mviringo kama mpira, juu ya bua moja. Likaribie. Kumbe si ua moja! Ni maua madogo mengi yaliyokusanyika, pengine yafike 200. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Sisi tuliite ua la kivulini.

Ua hili ni la Afrika, halikuletwa kwa meli. Lakini linapenda kivuli, na Shinyanga kivuli kilipungua. Miti ilikatwa ili kufukuza mbung'o, ikakatwa tena kwa ajili ya pamba na kuni. Huko Geita wachimbaji wadogo hukata miti ya matimba ya kuegemeza mashimo yao. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wanavijiji wengi wakazirudisha ngitili, kama wazee wa Kisukuma walivyofanya zamani. Miti ikachipua.

Je, tulichimbe ua hili ngitilini? Hapana. Ngitili ina mwenyewe na ina sheria. Anayeivunja huweza kuitwa mbele ya dagashida. Mwombe mwenye ngitili matunda machache mekundu yaliyoiva. Osha nyama yake, uzikandamize mbegu kidogo juu ya udongo wenye mboji zikiwa bado mbichi. Utangoja miaka mitatu au zaidi kuona ua. Ni mingi, lakini mwembe nao tuliungojea.

Mwenye ua hili nyumbani akikugawia tunguu, hutangoja sana. Lipande chini ya mti, shingo yake iwe karibu na uso wa udongo. Udongo wa luseni wenye mboji unafaa. Udongo mweusi wa mbuga haufai, kwa kuwa hutuamisha maji. Mimi nililipanda mbugani. Nilipofukua nilikuta uozo mtupu. Majani yakigeuka manjano usimwagilie tena. Tunguu halijafa, limelala. Liache hapo hapo hadi mvua nyingine.

Sasa sikiliza vizuri. Ua hili lina sumu, hasa tunguu lake. Tunguu hilo linafanana na kitunguu cha mboga. Usiliweke jikoni hata siku moja! Panda mahali ambapo watoto wadogo hawachezi na mbuzi hawafiki. Ukimaliza kazi, nawa mikono kwa sabuni. Mtu akilila anaweza kutapika na kuharisha. Mpeleke zahanati mara moja, na uchukue kipande cha mmea ili mganga akione. Usimtapishe, wala usingoje hali yake iwe mbaya kwanza.

Zungumzeni darasani:
Nyumbani kwako kivuli kiko wapi? Watoto wako huchezea wapi?