Radhi ya Jumla na Deni la Damu

Msomaji wetu mmoja, mtu wa Lamu aliyehamia Liboi kwa biashara ya mifugo, ametuletea suala ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Asema kwamba wazee wa huko, kila zikitajwa khabari za Garissa na Wajir, hugawanyika. Wako wasemao kwamba serikali ilikwisha omba radhi mwaka 2015, basi yaliyopita yamepita. Na wako wasemao kwamba wao hawakuombwa radhi na mtu yeyote. Naye atuuliza: dhulma ya dola juu ya raia wake huondoka kwa njia gani, na ni nani mwenye haki ya kusamehe?

Wengi katika sisi watu wa pwani twaijua Liboi kwa jina tu. Ni mji mdogo wa Kaunti ya Garissa, mbele ya Dadaab, karibu na mpaka wa Somalia, na ndiko walikoingilia wakimbizi wengi wa vita vya Somalia mwaka 1991. Lakini dhulma aiulizayo msomaji wetu ni ya zamani kuliko vita hivyo.

Zama za Waingereza nchi hiyo ya kaskazini ilifungwa kwa sheria ya mwaka 1926, mtu asiingie wala asitoke ila kwa ruhusa. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1934, ambayo kwayo kabila zima liliweza kutangazwa kuwa adui, watu wake wakakamatwa na mali zao zikachukuliwa, kwa makosa ya baadhi yao. Msomaji atazame jambo hili kwa makini. Sisi sote tuliwalilia ndugu zetu wa Afrika ya Kusini kwa ajili ya sheria za pasi, ambazo watu waliandamana kuzipinga pale Sharpeville tarehe 21 Machi 1960 na polisi wakawaua watu 69. Ilikuwa haki tuwalilie. Lakini pasi hizo ziliondolewa mwaka 1986, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1989, Kenya iliyo huru iliwaamrisha Wasomali peke yao, miongoni mwa makabila yote, waende mbele ya kamati wathibitishe uraia wao na wapewe kadi ya pili juu ya kitambulisho walicho nacho. Ni wangapi katika sisi walionena neno siku zile?

Insafu yataka tuseme na upande wa pili. Mwezi wa Juni 1963 waliuawa Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, na chifu Haji Galma Dido, na wote wawili walikuwa watu wa kaskazini wenyewe. Katika miaka ya vita vya mashifta Wabajuni wengi walivikimbia vijiji vyao vya bara ya Lamu, wakaja Malindi na Mombasa mikono mitupu. Serikali ilikuwa na haki, bali wajibu, wa kuwatafuta wauaji na kuwafikisha mbele ya hukumu. Tunalolikanusha ni kwamba haikutafuta wauaji; ilichukua watu kwa ukoo wao. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa huko hata mwaka 1991. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi ulitiwa moto na watu wakakusanywa katika kiwanja cha skuli. Na Februari 1984, kwa hoja ya kuwanyang'anya silaha, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, wakavuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila ya chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema kwanza kwamba waliokufa ni 57. Mwaka 2000 waziri alikiri Bungeni 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya mwaka 2013 ilikadiria kuwa wakaribia 1,000, na wenyeji wataja idadi kubwa zaidi ya hiyo.

Sasa turejee kwenye sharia. Kila aliyesoma sira aijua khabari ya Banu Jadhima. Katika mwaka wa nane wa Hijra, baada ya kufunguliwa Makka, Khalid bin Al-Walid alipelekwa kwao na jeshi. Wakaweka silaha zao chini. Kisha wakafungwa, na baadhi yao wakauawa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliinua mikono yake akajitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na kitendo cha Khalid, kwa jina lake. Hakusema kwamba huko kulitokea mambo ya kusikitisha. Kisha, kama walivyopokea wanavyuoni wa sira, alimtuma Sayyidna Ali pamoja na mali, akaenda kwa watu wale wale, akalipa diya ya kila aliyeuawa, akalipa na kila kilichoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Mali ilipobaki akawaongeza kwa ihtiyati, isije ikawa liko lililosahauliwa. Basi hicho ndicho kipimo: kitendo kilitajwa, mtendaji alitajwa, mjumbe alikwenda mahali penyewe, na hesabu ikafanywa mtu kwa mtu.

Tukipima kwa kipimo hicho, twaona jambo la ajabu katika nchi yetu. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilitunga Sheria ya Kinga, ya kuwakinga watumishi wa serikali na askari wasishitakiwe kwa waliyoyatenda toka 25 Desemba 1963 hata 1 Desemba 1967, katika mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Naam, Lamu! Adhaniye kwamba jambo hili ni la Wasomali na jangwa lao na asome tena majina hayo. Msamaha ulitolewa kabla mtu hajaulizwa ametenda nini, na aliyeutoa hakuwa yule aliyefiwa.

Afrika ya Kusini, kwa ubaya wote wa ubaguzi wao, walipotoka humo walipita njia nyingine. Tume iliyoongozwa na Askofu Desmond Tutu ilikuwa na mamlaka ya kusamehe, lakini kwa sharti kwamba muombaji aje mwenyewe aseme yote aliyoyatenda. Walioomba walizidi 7,000, na waliosamehewa ni 849 tu. Hatusemi kwamba kazi hiyo ilitimia. Wengi walionyimwa msamaha hawakushitakiwa kamwe. Imamu Abdullah Haron wa Cape Town alikamatwa siku ya Maulidi, 28 Mei 1969, akafa mikononi mwa polisi baada ya siku 123, na uchunguzi wa mwaka 1970 ukasema aliumia kwa kuanguka ngazini. Hata Oktoba 2023 ndipo mahakama ilipohukumu kwamba aliuawa kwa mateso. Mjane wake alikuwa amekufa mwaka 2019 bila ya kuisikia hukumu hiyo. Pamoja na hayo, jina la Imamu limeandikwa katika hukumu, na sababu ya kufa kwake imeandikwa.

Kwetu, tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa niaba yake na ya serikali zote zilizotangulia, kwa makosa yote yaliyopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Hatuidharau radhi hiyo, maana waliomtangulia hawakuisema. Lakini ilikuwa radhi ya makosa yote kwa watu wote. Ripoti ya Tume ililala Bungeni, na miaka ilipita manusura wa Wagalla wakiuliza fedha zi wapi.

Baada ya siku saba tu, tarehe 2 Aprili, watu wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wakiwachagua Wakristo kwa dini yao. Nayo ni dhulma ile ile ya kumchukua mtu kwa kundi lake, na anayeipamba kwa jina la Uislamu ameuzulia Uislamu uwongo. Lakini tazama yaliyofuata. Kesi ilisikilizwa, ushahidi ukapimwa mtu kwa mtu, na mwaka 2019 watatu wakahukumiwa, mmoja kifungo cha maisha na wawili miaka 41 kila mmoja, na mwengine akaachiliwa kwa kuwa hatia haikuthibiti. Basi mahakama za nchi hii zaweza kazi hiyo. Kwa ajili ya Wagalla hakuhukumiwa hata mtu mmoja.

Jawabu letu kwa msomaji wa Liboi ni hili. Imam Nawawi ameeleza katika Riyadhu-s-Salihina kwamba toba ina sharti tatu, kuacha, kujuta na kuazimia kutorejea, na ikiwa dhambi yahusu haki ya mja, iko ya nne, nayo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kuombwa yeye asamehe. Mwenyewe ni aliyedhulumiwa, na akiwa amekufa ni warithi wake. Rais hana uwezo wa kuwasamehe askari kwa damu isiyo yake, wala wazee wa kundi la kwanza hawana uwezo wa kuwasamehe kwa niaba ya wajane wa kundi la pili. Anayetaka kusamehe haki yake mwenyewe na asamehe, na ana thawabu kubwa. Anayetaka kudai asilaumiwe.

Na kwa kuwa waliokuwa vijana mwaka 1984 sasa ni wazee, twamnasihi asingoje tume nyingine. Akae na wafiwa, aandike jina la kila aliyeuawa au kupotea, jina la babake na la babu yake, siku na mahali alipochukuliwa, mali iliyochomwa au kuchukuliwa, na mashahidi wawili waadilifu kila inapowezekana. Aifanye nakala zaidi ya moja, na moja iwekwe kwa kadhi. Ngamia na mbuzi wahesabiwe pia, hata wa mtu fakiri. Ama suala lake la pili, juu ya mke na mirathi ya mtu aliyechukuliwa na isijulikane yu hai au amekufa, lina maneno marefu katika fikihi, nasi tutalijibu katika darasa lijalo, inshaallah.