Breki za Dramu Kwenye Mteremko wa Ufipa

Mji wa Sumbawanga, pamoja na kata yake ya Katandala, umejengwa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa lipo meta 800 hivi tu. Kwa hiyo gari literemkalo ukingo wa Lyamba lya Mfipa hushuka kimo cha karibu meta 1,000. Tuchukue Land Rover ya zamani ambayo, pamoja na mzigo wake, ina kilo 2,000. Ikishuka kimo hicho kwa mwendo usiobadilika, hutoa nishati ya karibu megajuli 20, nayo yatosha kuchemsha zaidi ya lita 60 za maji ya baridi. (Pale Sumbawanga maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo.) Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, matairi na injini iliyo katika gia nzito, inayobaki haina budi kugeuka joto ndani ya breki.

Katika breki ya dramu, breki shuu mbili zenye umbo la upinde husukumwa nje zigandamane na dramu inayozunguka. Breki shuu ile ambayo mzunguko huivuta kuelekea dramu hujikaza yenyewe, na nguvu yake huzidi ile aliyoitia dereva. Land Rover 109 ina breki shuu mbili za namna hiyo kwenye kila gurudumu la mbele. Gari likirudi nyuma hali hiyo hugeuka, na breki za mbele hudhoofika. Ndiyo maana gari lililoshindwa mlima huwa gumu kulizuia lisirudi.

Lakini dramu ikipata moto hutanuka na kuzikimbia breki shuu. Pedali hushuka, na kitambaa cha msuguano nacho hupoteza mng'ato wake. Mafuta ya breki, yaani fluidi, hufyonza unyevu wa hewa kadiri yakaavyo: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 205, lakini yakishalowa kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Mvuke hugandamizwa kwa urahisi, nao umajimaji haugandamiziki. Basi dereva hukanyaga pasipo kupata kitu.

Sasa tuje kwenye kubadilisha. Breki ya mkono ya Land Rover hizo haishiki magurudumu. Hushika shafti iendayo kwenye difu ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke upande mmoja huku mwenzake aliye chini akizunguka upande wa pili, ilhali shafti imetulia tuli. Gari laweza kuondoka na kumwangukia fundi hali breki ya mkono imekazwa! Zuia magurudumu yaliyo chini kwa magogo, mbele na nyuma, kisha egemeza ekseli juu ya stendi imara. Jeki peke yake si egemeo.

Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kamwe, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Vitambaa vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo nyuzi zake husababisha saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Lilowesheni vumbi hilo kwa maji, mlifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko na kutupwa.

Fungua upande mmoja kwanza, ili ule wa pili ubaki kuwa kielelezo cha mahali pa springi. Breki shuu hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja, la sivyo gari litavuta upande. Kama silinda inavuja, itengenezwe kwanza, kwani kitambaa kilicholoa mafuta hakifai tena. Dramu yenye mifereji hukerezwa, mradi isizidi kipenyo kilichowekwa na mtengenezaji. Mafuta ya injini yasitiwe badala ya fluidi, maana huvimbisha mipira ya silinda.

Mwishowe kaza bolti ya kurekebishia hadi gurudumu lisimame, kisha ilegeze kidogo hadi lizunguke huru. Kama mfumo ulifunguliwa, toa upepo mpaka pedali iwe ngumu. Majaribio yafanyike polepole mahali tambarare, kabla ya kuuelekea mteremko.