Mtoto Mmoja, Utepe Mmoja, Vipimo Viwili

Ndugu mkazi wa Kata ya Yaeda Chini, katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzunguko wa mkono kwa utepe wenye rangi tatu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi 12.4 ni njano, utapiamlo wa kadiri, 12.5 na kuendelea ni kijani.

Tuchukue mfano wa mtoto anayesomwa 12.3 na mhudumu wa kwanza, kisha 12.7 na wa pili, saa ileile. Kwa wa kwanza anahitaji huduma. Kwa wa pili anarudi nyumbani akihesabiwa kuwa mzima. Mkono ni uleule, aliyebadilika ni mpimaji.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Familia za wafugaji huhama kufuata maji na malisho, na kambi za Wahadzabe nazo huhama, hivyo mtoto aliyepimwa Mongo wa Mono mwezi huu huenda akapimwa kwingine na mtu mwingine mwezi ujao. Namba ikipanda kwenye kadi, mzazi hufurahi kwamba mtoto amenenepa, kumbe pengine utepe ulilegezwa tu.

Tofauti huanzia mahali padogo. Mkono wa kushoto hukunjwa kwenye kiwiko ili kutafuta katikati, kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko; kisha hunyooshwa, ukaning'inia bila kukazwa, ndipo utepe uzungushwe. Anayekadiria katikati kwa macho hupata jibu lake, na anayevuta utepe hadi ngozi ibonyee hupata jingine. Mtoto anayelia na kujikunja humchanganya hata mzoefu.

Wataalamu wa lishe huwajaribu wapimaji kabla ya utafiti. Watoto 10 hupimwa na kila mpimaji mara mbili, bila kuona majibu yake ya awali wala ya wenzake. Tuseme tofauti za mpimaji mmoja kati ya mizunguko hiyo ni milimita 2, 0, 3, 1, 2, 0, 1, 2, 1 na 0. Kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe, majibu yakajumlishwa: 24. Hugawanywa kwa 20, yaani idadi ya watoto mara mbili, tunapata 1.2, kipeuo chake cha pili ni takriban milimita 1.1. Hilo ndilo kosa lake la kawaida.

Lakini hesabu hiyo haitoshi. Anayekaza utepe kila mara kwa nguvu ileile atapata kosa dogo sana, na bado atakuwa amekosea kwa kila mtoto. Kwa hiyo wastani wake hulinganishwa na wa mkufunzi kwa watoto walewale. Wastani wake ukipungua kwa milimita 4, hatupaswi kumlaumu; aoneshwe mkono wake ulivyovuta, ajaribu upya.

Mzazi naye ana nafasi. Namba ikiangukia karibu na mpaka wa rangi, aombe kwa heshima mtoto apimwe tena, utepe ukiwa umeondolewa kabisa na katikati ya mkono kutafutwa upya.